Reli Isiyo na Treni, Bwawa Lisilo na Maji: Kwa Baiskeli Kuizunguka Olvera

IJUMAA: Ronda – Arriate – Setenil – Olvera

Baiskeli tulizikodi Ronda, mji wa Andalusia, kusini mwa Uhispania, zile za gia nyingi na matairi mapana kidogo yanayovumilia lami na changarawe. Shemeji anaishi Málaga na mkewe, ambaye ni dada yangu, kwa hiyo njia alipanga yeye na kazi ya kulalamika nikaichukua mimi. Kila mtu alikuwa na mifuko miwili kwenye keria, pampu, tyubu za akiba, viraka na gundi. Kofia ngumu haina mjadala, sheria ya Uhispania inakutaka uivae ukiwa barabarani nje ya mji. Dereva anayekupita naye anatakiwa aache nafasi isiyopungua mita moja na nusu, na kusema kweli wengi wanaitii. Baada ya Arriate lori lilitufuata polepole kona kadhaa mpaka barabara ilipofunguka, halafu likapita kwa mbali. Mimi baiskeli nimezoea kuiendesha Dar es Salaam. Muda wote ule nilikuwa nasubiri honi.

Ronda hatukukaa. Tulilipita daraja la Puente Nuevo kama kila mtu anavyolipita, tukachungulia korongo la mto Guadalevín lililo mita 98 chini, tukaondoka. Daraja hilo lilikamilika mwaka 1793. La kabla yake lilijengwa harakaharaka mwaka 1735, likaporomoka 1741 na kuua watu wapatao 50. Nadhani ndiyo sababu hili la pili limejengwa nene kiasi kile.

Setenil de las Bodegas ni kijiji ambacho mwamba umekifunika kama paa. Mto mdogo ulikula jiwe la mlima kwa maelfu ya miaka, ukaacha mapango marefu yaliyo wazi upande mmoja, na watu wakajenga ukuta wa mbele tu. Nyuma na juu ni mlima wenyewe. Mtaa mmoja unaitwa Mapango ya Jua na mwingine Mapango ya Kivuli. Tulikaa kwenye ule wa kivuli, tukanywa kahawa na kula mkate uliochomwa, ukapakwa nyanya iliyosagwa na kumiminiwa mafuta ya zeituni. Nilinyoosha mkono nikaligusa jiwe lililo juu ya meza. Lilikuwa na unyevu, limekuwa jeusi kwa moshi, na mtu alishapitisha waya wa taa kwenye ufa wake.

Kutoka hapo hadi Olvera, kupitia Torre Alháquime, ndipo nilipoanza kutoziamini kilomita. Olvera inaonekana mapema mno. Nyumba nyeupe zimemwagika ubavuni mwa kilima, na juu kabisa kuna vitu viwili vinavyoshindana kwa urefu: ngome iliyobaki tangu enzi za Waislamu na kanisa lenye minara miwili. Unaiona, unasema tumefika. Unashuka bondeni inapotea. Unapanda, iko palepale, labda imesogea kidogo kushoto. Siku nzima hatukufikisha hata kilomita arobaini, lakini miguu ilikuwa inadai themanini.

Jua huku, mwezi wa nne, linazama karibu saa tatu usiku. Chakula cha usiku nacho kinafuata saa hizo. Saa moja jioni tulikuwa tumeshaoga, tuna njaa ya kutafuna meza, na kila jiko limefungwa hadi saa mbili na nusu. Shemeji hali nguruwe, na kwenye baa za huku mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa yananing'inia juu ya kaunta kuanzia ukuta hadi ukuta, kwa hiyo kuagiza kunataka subira. Wokovu wake ulikuwa tortilla ya Kihispania, ambayo mtu yeyote wa kwetu akiiona ataiita chipsi mayai iliyoenda shule: nene, imekatwa kama keki, haina kachumbari.

JUMAMOSI: Vía Verde, kwenda na kurudi

Hii ndiyo siku ambayo ningemshauri mtu asiyewahi kuendesha baiskeli milimani aanze nayo. Vía Verde, yaani Njia ya Kijani, inaanza nje kidogo ya Olvera, kwenye stesheni ya treni. Stesheni ina jengo zuri, jukwaa la abiria, kila kitu. Kilichokosekana tangu ijengwe ni treni.

Miaka ya 1920, enzi za utawala wa Jenerali Primo de Rivera, serikali ilianza kujenga reli ya kutoka Jerez hadi Almargen ili kuifungua milima hii. Wakatoboa vilima, wakajenga madaraja marefu ya mawe na zege, wakasimamisha stesheni moja baada ya nyingine. Kisha fedha zikakauka, utawala ukaanguka, na mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Kazi ilikuwa karibu kuisha. Vyuma vya reli havikutandikwa mahali pengi, na hakuna abiria aliyewahi kukata tiketi. Kwa miongo mingi wachungaji ndio waliofaidi mahandaki, wakiingiza mbuzi mvua ikinyesha. Baadaye sehemu ya kati, kilomita 36 kati ya Olvera na Puerto Serrano, ikasawazishwa kuwa njia ya baiskeli na watembea kwa miguu. Stesheni kadhaa sasa zina vyumba vya kulala wageni na meza za chakula.

Faida yake mwenye baiskeli anaielewa kwa magoti. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo mhandisi wa reli hana budi kupasua kilima au kukizunguka. Yaani mtu alishatangulia karibu miaka mia moja nyuma akaondoa kila mwinuko ambao ungekutoa jasho. Mahandaki ni 30. Mengine mafupi, unaingia na kutoka kabla macho hayajazoea giza. Moja linakaribia kilomita nzima. Taa za ndani huwaka zenyewe unapopita, lakini si zote zilizokuwa na moyo wa kazi siku hiyo, kwa hiyo usiende bila tochi yako. Kwenye lile refu, taa za mbele yetu zilikataa. Nikasikia matone ya maji yakianguka mahali fulani, mlio wa cheni yangu ukirudishwa na kuta kana kwamba kuna watu kumi nyuma yangu, na baridi ikapanda ghafla mikononi. Shemeji akapaza sauti, "Shemeji, upo?" Mwangwi ukamjibu kabla yangu.

Katikati ya njia unasimama mwamba wa Zaframagón. Ni jiwe kubwa limejitenga peke yake, na kwenye kingo zake wanaishi tumbusi kwa mamia. Ni moja ya makazi makubwa ya ndege hao katika Andalusia nzima. Stesheni iliyo karibu imegeuzwa kituo cha kuwatazama. Tumbusi wa huku wana mabawa yanayofika mita mbili na nusu wakiyakunjua. Ni nadra wapige mabawa. Wanangoja jua lipashe miamba joto, hewa ianze kupanda, halafu wanajiachia na kuzunguka juu kama vile wamefungwa kwenye kamba. Saa tatu asubuhi walikuwa wamekaa kimya mwambani, madoadoa ya kahawia. Tuliporudi alasiri anga ilikuwa yao. Tulilaza baiskeli majanini tukatazama mpaka shingo zikauma.

Chakula cha mchana tulikula stesheni ya Coripe, ambayo iko upande wa mkoa wa Sevilla. Karibu na hapo kuna mwaloni mkubwa wa zamani uliolindwa kisheria, kivuli chake kinatosha harusi. Kwenda ni kama mteremko usioonekana, na kurudi Olvera ni kupanda kusikoonekana. Unaendesha ukidhani umechoka bure.

JUMAPILI: Olvera – El Gastor – Zahara de la Sierra

Kengele za kanisa zilituamsha kabla ya jua, ambalo lenyewe linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Asubuhi yote ni mizeituni. Imepandwa kwa mistari iliyonyooka inayopanda vilima hadi ukingo wa anga, na katikati ya mistari, msimu huu, nyasi bado ni za kijani na maua mekundu yamechipua ovyo. Mavuno yalishapita wakati wa baridi. Harufu ya kiwanda cha kukamua bado ipo ukipita upande ambao upepo unaelekea, harufu nzito inayokaa kooni.

Barabara kuu ina magari, sikuipenda. Tulipoiacha kwenda El Gastor tulilipa kwa mwinuko, kisha kijiji kikatulipa kwa mandhari. Kutoka hapo ni kushuka hadi bwawa la Zahara, maji ya rangi ya feruzi ambayo nilidhani watu huyaongezea rangi kwenye picha. Breki za nyuma zilianza kupiga kelele, tukasimama kuzipoza.

Zahara imekaa juu ya jiwe, mnara wake juu ya jiwe la juu zaidi. Desemba 1481 jeshi la Granada lilikitwaa kijiji hiki kwa shambulio la usiku. Wafalme wa Castilla wakajibu, na vita vilivyofuata vilikwisha Januari 1492 kwa kuanguka Granada yenyewe, dola ya mwisho ya Kiislamu katika rasi hii. Shemeji alipanda mpaka mnarani kwa miguu jioni ile. Mimi nilibaki uwanjani na chungwa langu, nikimwangalia akiwa mdogo kama sisimizi.

JUMATATU: Zahara – Puerto de las Palomas – Grazalema

Ramani inasema kilomita kumi na sita au kumi na saba. Mwanafunzi anaweza kwenda na kurudi umbali huo shuleni. Lakini Zahara iko mita mia tano na kitu juu ya usawa wa bahari, na kilele cha barabara, Puerto de las Palomas, kiko zaidi ya mita 1,100.

Tuliondoka saa mbili na nusu, maji lita tatu kila mmoja, kwa sababu njiani hakuna duka. Barabara ni nyembamba, lami nzuri, inajikunja ubavuni mwa mlima wa chokaa. Siri ya mlima mrefu ni kuanza polepole kuliko unavyotaka. Weka gia nyepesi kabisa tangu mwanzo, kaa kwenye kiti, usisimame juu ya pedali kwa sababu tu kuna mtu kwenye gari anakutazama. Pumua kwa mpangilio. Ukishindwa kuongea sentensi nzima, punguza. Shemeji yeye alianza na mbwembwe. Alinipita, akatokomea kwenye kona, na kona ya tatu nikamkuta amesimama, mguu mmoja chini, simu mkononi.

"Shemeji, vipi?"

"Napiga picha mbuzi."

Kweli mbuzi walikuwepo. Milima hii ina mbuzi wao, aina ya Payoya, ambao maziwa yao hutengeneza jibini maarufu kote Uhispania. Ila kona mbili mbele alisimama tena, na mbuzi wakawepo tena, na nilianza kuhisi mbuzi hao wanatokea kila mapafu yake yanapokwisha.

Kinachoudhi kwenye njia hii ni pale unapofika Puerto de los Acebuches. Umeshapanda vya kutosha, unaona kibao, unataka kupiga makofi, halafu barabara inateremka. Mita ulizozitolea jasho zinarudishwa bondeni mbele ya macho yako, na ukuta halisi wa mlima bado uko ng'ambo, na barabara imechorwa juu yake kama mkwaruzo. Hapo karibu ndipo wanapoanzia wanaoshuka kwa miguu kwenye korongo la Garganta Verde, lakini hilo linahitaji kibali cha hifadhi kilichoombwa mapema.

Nusu ya pili sikumbuki mandhari. Nakumbuka tairi la mbele, kokoto, jasho likidondoka kwenye fremu na kukauka likiacha chumvi. Kuna mahali nilihesabu nguzo za pembeni ya barabara, kumi nanywa maji, kumi nanywa maji. Mzee mmoja wa huko, amevaa nguo za mbio zilizombana, miguu kama kamba ya meli, alitupita akisema "ánimo", yaani kaza moyo, bila hata kuhema. Hakuwa na mizigo, nikajifariji.

Juu kuna upepo unaoweza kukuangusha. Nyuma bwawa la Zahara limekuwa kipande cha kioo, mbele kuna safu ya Sierra del Pinar. Ubavuni mwa safu hiyo, upande wa kaskazini wenye ubaridi, ndiko unakoishi mti wa pinsapo, wa jamii ya misonobari, mabaki ya misitu ya kale. Hauoti kwa asili ila kwenye milima michache ya kusini mwa Uhispania, na ndugu zake wako ng'ambo ya bahari, Morocco. Tulivaa majaketi papo hapo. Kushuka hadi Grazalema kunamalizika kabla hujafurahi, na ni kwa breki mwanzo mwisho. Binya, achia, binya, achia, usizishikilie moja kwa moja zikachemka.

JUMANNE: Grazalema, mvua

Hatukwenda popote. Mtu ukimwambia Andalusia anafikiria jua na vumbi, lakini Grazalema ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kupita zote Uhispania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka wa kawaida. Mawingu yanatoka Atlantiki yakiwa yamebeba maji, hayakutani na kizuizi mpaka yagonge milima hii yenye zaidi ya mita 1,600, yanalazimika kupanda, yanapoa, yanamwaga. Leo yalimwaga kuanzia alfajiri.

Mwenye nyumba ya wageni alituruhusu kuingiza baiskeli barazani. Tukazigeuza juu chini, tukapangusa cheni kwa kitambaa, tukatia mafuta tone moja kila kiungo, tukakaza skrubu za keria, na shemeji akagundua mwiba uliojificha kwenye tairi lake la nyuma, haujafika kwenye tyubu. Aliung'oa kwa kibano cha nyusi alichoazima. Mchana tulitembea hadi kiwanda cha mablanketi ya sufu, kazi iliyoufanya mji huu uwe na fedha zamani. Supu ya hapa inasifiwa, ina mkate, yai na majani ya mnanaa, ila ndani kuna soseji ya nguruwe, kwa hiyo shemeji akala jibini na mkate kwa mara nyingine bila kunung'unika. Mimi niliinywa. Ni nzuri, nasikitika kusema.

JUMATANO: Grazalema – Montejaque – Benaoján

Mvua ilikatika usiku. Barabara inateremka mashariki kati ya mialoni, kijito pembeni kimejaa maji ya rangi ya chai. Tulikata kulia kuelekea Montejaque, na baada ya muda si mrefu tukaona ukuta.

Ni ukuta wa bwawa, wa zege, umepinda kama upinde kati ya miamba miwili, una zaidi ya mita 80 kwenda juu. Ulipokamilika miaka ya 1920 ulikuwa kati ya kuta ndefu za namna yake barani Ulaya. Kampuni ya umeme ilitaka kuuzuia mto Gaduares na kuzalisha nguvu. Tatizo ni kwamba mlima huu ni chokaa, na chokaa inayeyuka taratibu kwa maji ya mvua. Chini kumejaa matundu na mapango. Maji yaliyozuiwa yalitafuta njia yao chini, yakaingia pango la Hundidero, yakasafiri kilomita kadhaa gizani na kutokea ng'ambo ya mlima kwenye pango la Gato, karibu na Benaoján. Wakajaribu kuziba kwa zege miaka na miaka, wakashindwa. Ukuta haujawahi kuvuja. Kilichovuja ni mlima.

Tulisimama pale tukatazama upande uliotakiwa kuwa ziwa. Licha ya mvua ya siku iliyotangulia, kulikuwa na dimbwi, nyasi, na ng'ombe tu.

"Reli bila treni, bwawa bila maji," shemeji akasema. "Hawa watu wangekuwa kwetu tungesema fedha zimeliwa." Nikamwambia labda ziliwahi kuliwa hapa pia, ila mlima umebeba lawama zote.

Baada ya Montejaque na Benaoján tulipanda hadi pango la Pileta, kilomita chache kali za mwisho. Mwaka 1905 mkulima wa eneo hilo, José Bullón Lobato, alikuwa akitafuta kinyesi cha popo cha kurutubisha shamba, akashuka kwa kamba ndani ya shimo na kukuta michoro ukutani. Ukoo wake ndio umelitunza pango tangu wakati huo. Mnaingia kikundi kidogo kwa taa za mkononi, hakuna picha, na mnahitaji kuweka nafasi mapema. Wamechorwa farasi, mbuzi mwitu, mafahali, mingine ikiwa na umri unaozidi miaka 20,000. Ndani kabisa kuna samaki mkubwa mweusi, mrefu kuliko mkono wangu, amechorwa na mtu aliyekuwa milimani, mbali na bahari. Taa ilipotikisika ilionekana kama anageuka.

Stesheni ya Benaoján iko chini bondeni, kwenye reli ya Bobadilla hadi Algeciras. Hii nayo ilipasua milima hiihii, kwa mtaji wa Waingereza, ikakamilika mwaka 1892, na treni zake zipo. Nafasi za baiskeli ni chache kwa kila behewa, kwa hiyo ulizia unapokata tiketi, usisubiri jukwaani. Tulizifunga kwa mikanda, tukaketi. Ronda ilikuwa dakika chache tu mbele.

Dada alipiga simu kabla treni haijaondoka. Shemeji akaiweka sikioni, lakini sauti yake ilisikika hadi kwangu.

"Baba watoto, na ule mlima mkubwa?"

"Nimeupanda wote. Hata mguu chini sijaweka."

Nikanyoosha mkono nipewe simu, nimweleze kuhusu mbuzi.